Chai Niliyoinywa Badala ya Maji

Sasa naweza kushika kalamu bila vidole kulegea, kwa hivyo nayaandika haya yaliyonipata. Nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye hivi leo amekaa kwenye benchi la hospitali, miguu imemkana, na kila anayempima anamwambia neno lake. Huenda maradhi yake si yangu. Lakini kuna swali moja ambalo mimi nilichelewa kuulizwa, na huenda likamfaa.

Masika ile tumbo lilinishika vibaya, mimi na majirani wengi wa hapa Mji wa Kale, kwa maji tuliyodhani ni safi. Nilitapika hadi sauti ikanikauka. Nilipoinuka kitandani nilikuwa mzima kwa kila kitu ila kimoja: maji matupu yalinishinda. Yachemshwe, yachujwe, yatiwe barafu, nikiyafikisha mdomoni tu koo linafunga. Nikiyalazimisha, yanarudi. Na kazi yangu ni ya ukarani bandarini, kuhakiki makontena yanaposhushwa, mahali ambapo jua la saa sita linapika soli ya kiatu. Mtu asiyekunywa kitu pale huanguka.

Aliyelishughulikia jambo hilo ni mke wangu, Rehema. Tulikuwa tumeoana si zamani. Mke wangu wa kwanza alifariki, nikakaa mgane kwa muda mrefu, hadi watu wakaacha kuniuliza. Rehema ni Mduruma wa upande wa Kwale, mwalimu wa chekechea kule Tononoka, mtu mpole, maneno yake machache. Akiona jambo halijakaa sawa hatulii mpaka alitengeneze. Akaanza kunichemshia mchaichai na nanaa na kipande cha tangawizi. Sukari hakutia, kwa sababu babangu alikufa kwa kisukari nami naiogopa sukari kama moto. Badala yake alitia mzizi mtamu alioununua katika duka la viungo karibu na Ndia Kuu: vijiti vya rangi ya udongo kwa nje na manjano kwa ndani, ukivitafuna utadhani ni peremende. Muuzaji aliutaja kwa jina la Kiarabu. Sisi tukauita mzizi mtamu.

"Jaribu hii," aliniambia. "Haina sukari. Ni majani tu na mizizi."

Nikajaribu. Ikashuka. Sijui kama nitaweza kueleza raha ya kitu kushuka kooni baada ya siku nyingi za kusumbuka. Nilimwona Rehema akigeuka upande wa jiko, akajifuta macho kwa pembe ya leso, akajifanya anakoroga.

Tangu hapo chai ile ikawa ndiyo maji yangu. Asubuhi nikiamka, chai. Kazini nilikwenda na chupa kubwa, nikairudisha tupu. Jioni sufuria ilikuwa jikoni inanisubiri, nikiipata imepoa vizuri. Rehema mwenyewe alikunywa kikombe baada ya magharibi, basi. Kipupwe kikapita nikiwa na nguvu zangu. Vuli ikapita. Kaskazi lilipoingia na joto likapanda, nikazidisha, na Rehema akazidisha mzizi kwa sababu nilisema inapendeza zaidi ikiwa tamu.

Kilichoanza ni viatu. Vilibana. Nikivua soksi jioni naona alama zimezama kifundoni kama kamba iliyofungwa. Kisha kichwa, kikawa kinanigonga kwa nyuma tangu alfajiri. Nilikwenda zahanati, nikangoja kwenye ukumbi ambao feni yake ilizunguka bila kuleta upepo, nikaambiwa presha imepanda. Nikapewa vidonge. Iliposhindikana kushuka nikapewa vingine, vya kutoa maji mwilini ili uvimbe upungue. Nilikwenda chooni mchana kutwa. Kiu ikazidi. Na kiu ikizidi, nilijua dawa yake.

Kisha miguu. Tunaishi ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kale yenye ngazi za mbao zilizosimama wima. Siku moja nikitoka kazini nilifika katikati ya ngazi, nikataka kuinua mguu wa kulia, haukuinuka. Sikusikia maumivu yoyote. Niliutazama kama mtu anayemwita mwenzake asiitikiwe. Nikakaa pale kwenye ngazi, harufu ya samaki wa kukaanga ikipanda kutoka kwa jirani wa chini, nikingoja mguu wangu urudi. Ulirudi, lakini tangu siku ile niliogopa kila kidato.

Dada yangu mkubwa anaitwa Zuhura. Anakaa Ganjoni. Mamangu alipofariki nilikuwa mdogo, na Zuhura ndiye aliyeniogesha, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, akanipigania mtaani. Alikuja kunitazama, akanikuta nikiinuliwa kutoka kwenye kiti. Rehema alikuwa amenishika kwapani kama mtoto anayejifunza kusimama. Zuhura alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Athumani," akasema, "mwaka jana ulipanda ngazi hizi na gunia la mchele begani."

"Ni umri, dada."

"Umri hauji mara moja hivi."

Akapita moja kwa moja hadi jikoni. Nilikuwa sebuleni, ukuta ni mwembamba, nikasikia kila kitu.

"Rehema, mamangu. Chai hini wampikia na nini?"

"Mchaichai, wifi. Nanaa na tangawizi. Na mzizi."

"Mzizi gani?"

"Mzizi mtamu. Wa dukani."

"Mizizi," Zuhura akasema, polepole. "Kwenu mwaijua sana mizizi."

Hapa kwetu mwanamke akishukiwa kwamba anamlisha mumewe dawa ya kumfunga, jambo lenyewe halitajwi kwa jina lake. Linazungukwa. Nikasikia kikombe kikitiwa chai. Rehema alikinywa chote mbele yake, akakiweka chini. Ndipo nami nikaita kutoka sebuleni niletewe changu. Zuhura akatoka jikoni akanitazama nikikunywa. Nilipomaliza nikaomba kingine. Nilitaka aelewe kwamba kati yake na mke wangu hakuna nitakayemwacha adhalilishwe ndani ya nyumba yangu.

Akavaa buibui vizuri, akaondoka. Hakuaga.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito kuliko maradhi yenyewe. Maneno yalishuka ngazi kabla yetu. Jirani mmoja aliyezoea kubadilishana sahani na Rehema alianza kurudisha sahani zetu tupu, bila kitu ndani. Kazini nilipewa ruhusa ya ugonjwa, nikawa mtu wa dirishani. Rehema alikwenda shuleni, akarudi, akapika, akanikanda miguu kwa mafuta ya nazi, na katika kunikanda nilimwona akiitazama ile miguu kwa hofu, kwa sababu ilikuwa imeanza kuwa laini kama ya mtu mwingine.

"Nikiacha kukupikia chai," aliniambia siku moja akiwa bado ameushika mguu wangu, "watasema nimejua kwamba nimegunduliwa. Nikiendelea, watasema naendelea. Nifanye nini?"

"Pika," nikamwambia.

Akapika. Nami nikanywa zaidi ya nilivyokuwa nikinywa, makusudi, mbele ya kila mgeni aliyepanda kunijulia hali.

Ilikuwa Ijumaa, kabla ya swala. Nilikuwa bafuni natia udhu. Nikachota maji kwa kata, na kata ikaniponyoka. Nikajaribu kuishika, vidole havikufumba. Kisha nikausikia moyo. Si kwenda mbio. Uliruka pigo moja, ukasimama, ukakimbia kulifukuza, ukasimama tena, na kila uliposimama nilisikia masikio yangu yakijaa ukimya. Nilijua, kama mtu anavyojua mvua inakuja, kwamba mara moja kati ya hizo inaweza kuwa ya mwisho. Nikamwita Rehema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Majirani walinikalisha kwenye kiti cha mbao wakanishusha nacho, ngazi kwa ngazi, mmoja akishika kichwa changu kisigonge ukuta. Yule wa kurudisha sahani tupu alikuwa miongoni mwao, ameshika mguu wa kiti. Tukapakiwa kwenye tuktuk. Rehema alinikumbatia njia nzima, akinisomea sikioni, na kila tuta tulilolipanda aliniuliza, "Upo?" Nilijibu kwa kufumba macho.

Kwenye sehemu ya wagonjwa wa dharura nikavuliwa kanzu, nikabandikwa nyaya kifuani na kutiwa dripu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, kipindo cha mtandio wake kimechomekwa kalamu. Alitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine, akaitazama tena, na nikaona uso wake ukibadilika kwa namna ambayo mgonjwa hapendi kuiona.

"Anatumia dawa gani?"

Rehema akampa vile vidonge vyote.

"Anakula vizuri? Maji anakunywa?"

"Anakunywa sana," Rehema akajibu.

Na hakudanganya. Kwetu sisi ile ilikuwa ndiyo maji. Daktari akaandika, akageukia upande mwingine, na kwa muda nisioweza kuupima walinitibu presha, kama walivyonitibu wengine. Moyo uliendelea na mchezo wake. Mashine ililia, wakaja, ikatulia, wakaondoka. Rehema alisimama kando ya pazia kwa sababu hakukuwa na kiti.

Ndipo Zuhura akaingia. Alikuwa amekwenda nyumbani kwetu kwanza, mlango ulikuwa wazi kwa jinsi tulivyotoka. Mkononi alikuwa na mfuko. Akatoa chupa yangu ya chai, akatoa kifurushi cha gazeti, akaviweka juu ya meza ya daktari.

"Pimeni hini," akasema. "Ndicho anachomnywesha. Mkewe huyu hapa, muulizeni. Na kama hamwezi kupima, niambieni niipeleke polisi."

Watu kwenye benchi la kungojea wakageuza vichwa. Nilimtafuta Rehema kwa macho. Hakulia, hakujitetea. Mikono yake ilikuwa imeshikana mbele ya tumbo, na midomo imekuwa ya rangi ya jivu. Nilitaka kusema neno, nikakuta ulimi nao umechoka.

Daktari alifungua gazeti. Akachukua kijiti kimoja, akakivunja, akakinusa. Akakaa chini.

"Mama," akamwambia Rehema, "huu mzizi anaunywa kiasi gani?"

"Uko ndani ya chai yake."

"Na chai anakunywa kiasi gani?"

"Yote. Kutwa. Hanywi kitu kingine."

"Hata maji?"

"Maji hayawezi, daktari. Tangu masika. Ndiyo nikampikia."

Daktari alimwita muuguzi, akamwambia damu yangu ikimbizwe maabara, na akanitolea ile dripu niliyokuwa nayo kabla hata ya kueleza. Alipoeleza alieleza kwa maneno machache, na mimi nayarudia kama nilivyoyaelewa: mzizi ule, ukinywewa mwingi kila siku, unauzuia mwili kushika chumvi fulani inayoipa misuli nguvu, na moyo nao ni msuli. Papo hapo unapandisha presha na kuvimbisha miguu. Na vidonge nilivyopewa vya kuondoa uvimbe vilikuwa vikiitoa chumvi hiyohiyo kwa mlango wa pili.

"Kwa hivyo ni sumu," Zuhura akasema.

"Si sumu, mama. Unauzwa kila duka la viungo, na mtu akinywa kikombe leo, kingine wiki ijayo, haumdhuru. Huyu ameufanya ndio maji yake."

"Wajuaje kama hakutia kitu kingine?"

"Damu itaniambia." Daktari akaikunja ile karatasi ya gazeti. "Lakini nikwambie na la pili. Usingeleta kifurushi hiki, ningeendelea kumtibu presha, na sina hakika kama ningemkuta kesho."

Dada yangu alikuwa amekuja na maneno mengi. Niliona yakimwisha moja moja usoni. Akatafuta mahali pa kukaa, hakupata, akaegemea ukuta upande wa pili wa pazia ambalo Rehema alisimama kando yake.

Majibu ya damu yakawa kama alivyosema daktari.

Dripu niliyotiwa baadaye iliniunguza mkono kutoka kiwiko hadi bega, kama pilipili inayotembea ndani ya mshipa. Ilipasa iende polepole, na mashine ya moyo iliachwa imewashwa. Nililala nikiisikiliza. Kila pigo lililokuja mahali pake nililipokea kama habari njema kutoka mbali. Kisha ikaja dawa ya kunywa, chumvi chungu ya kuchanganywa na maji, na hapo nikakutana tena na adui yangu. Muuguzi wa zamu, dada mmoja wa Kikamba kutoka Machakos, aliketi kwenye ukingo wa kitanda na kijiko. Nikatapika. Akafuta, akajaza tena.

"Baba, si lazima uyapende," aliniambia. "Uyameze tu."

Kijiko, tukapumzika. Kijiko kingine. Alinihadithia jinsi kwao watoto wanavyotembea mbali kutafuta hayo ninayoyatema, na hakusema kwa kunisuta, alisema kama mtu anayepitisha wakati. Akaja na kipande cha ndimu, akakipitisha ukingoni mwa gilasi. Siku niliyomaliza gilasi nzima ya maji, alimwonyesha mwenzake ile gilasi tupu, nami nikaona haya kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

Nilimuuliza daktari lile swali ambalo sasa watu wengi wananiuliza mimi: je, chai ya majani haiwezi kushika nafasi ya maji? Akaniambia sehemu kubwa ya chai ni maji, na mwili unayapokea. Kikombe cha mchaichai, kikombe cha nanaa, ninywe nisiogope. Ila kila jani na kila mzizi una kazi yake, na ukinywa kitu kimoja kutwa nzima, miezi mfululizo, ile kazi inazidi kipimo. Maji hayaleti jambo la ziada. Ndiyo maana yanabaki kuwa kinywaji cha msingi, na vingine vinakaa pembeni yake.

Miguu ilirudi, lakini polepole. Presha ilichelewa, ilishuka kwa wiki nyingi. Kilichochelewa zaidi ni nyumba.

Rehema alikuja hospitali kila siku, lakini chakula alikinunua hotelini. Nikimwomba uji alisema atamwambia muuguzi. Siku niliyoruhusiwa kutoka, alinipandisha ngazi, akanilaza, akasimama mlangoni mwa jiko bila kuingia.

"Nilikuwa nakuua kwa mkono wangu," akasema.

"Ulikuwa ukininywesha, Rehema. Nilikuwa nakauka, ukaninywesha."

"Na dada yako alikuwa na haki."

"Alikuwa na haki ya kuniogopea. Ya kukutuhumu hakuwa nayo."

Akatikisa kichwa. Shule zilipofungwa akaenda kwao Kwale kumtazama mamake, na shule zilipokaribia kufunguliwa hakuwa amerudi. Zuhura ndiye aliyekuwa akija kunipikia. Tulikula tukiongea habari za wengine. Jina la Rehema lilikaa mezani kati yetu bila mtu kuligusa, mpaka asubuhi moja nikaligusa mimi.

"Dada, nyumba hii ni yake. Mimi siwezi kuvuka Likoni kwenda Kwale na miguu hii. Na hata ningeweza, si mimi anayemngoja."

Zuhura aliendelea kuchambua mchele. Siku ya pili hakuja. Nilipiga simu yake, imezimwa. Jioni nikasikia nyayo za watu wawili kwenye ngazi, zikipanda taratibu, na za mmoja wao nilizijua. Kilichosemwa kule Kwale sijakiuliza. Rehema aliwahi kuniambia tu kwamba wifi yake alikaa uani kwao kwenye mkeka tangu asubuhi, akakataa kiti, na hakuanza kusema mpaka mama mtu alipotoka kuja kumsikiliza.

Wewe uliyekaa kwenye benchi, basi, nisikilize. Watakuuliza dawa unazotumia, utazitaja. Usiishie hapo. Taja na chai, na majani, na mizizi, na unga wa kulamba uliopewa na rafiki, na useme ni kiasi gani na tangu lini. Usiseme "nakunywa sana" ukadhani umejibu. Na kama kuna mtu nyumbani anayekupikia kwa mapenzi, mchukue mwende naye, aeleze mwenyewe kabla mwingine hajamweleza. Kama maji yamekushinda, sema yamekushinda. Hilo lenyewe ni ugonjwa, linatibika, na mimi ni ushahidi, kijiko kwa kijiko.

Mara yangu ya mwisho kliniki ilikuwa mwanzoni mwa masika nyingine. Mvua ilikuwa ikipiga bati la ukumbi wa kungojea hadi majina yakawa hayasikiki vizuri. Nilikuwa nimeshaingizwa ndani, mlango uko wazi, mkono wangu umefungwa kile kitambaa cha kupimia presha. Daktari akatazama kipimo, akatabasamu, akasema anataka kuzungumza na mtu wa nyumbani kuhusu kupunguza vidonge vyangu.

Muuguzi akatoka mlangoni, akapaza sauti juu ya mvua. "Nani yuko na Athumani?"

Nikageuza shingo. Kwenye benchi lililojaa watu, wanawake wawili waliokuwa wamekaa bega kwa bega walisimama kwa pamoja. Wakatazamana. Rehema akarudi nyuma nusu hatua, kumpisha mkubwa wake.

Zuhura akakaa chini, akauvuta mkoba wa Rehema akauweka mapajani mwake.

"Mimi ni dadake," akamwambia muuguzi. "Mwenyewe ni huyo."